Kigiriki kilicho chini ya Biblia ya Kiingereza: jinsi ya kukifikia hata kama hujakisomea

Fungua Yohana 3:7 katika tafsiri nyingi za Kiingereza cha leo. Yesu anamwambia Nikodemo asistaajabu kwa kuwa amemwambia, "You must be born again." Ukisoma hivyo unawaona watu wawili usiku, mmoja akimweleza mwenzake jambo linalomhusu yeye tu. Kigiriki kina maneno mawili tofauti mahali hapo. La kwanza ni soi, yaani wewe: nimekuambia wewe. La pili ni hymas, yaani ninyi: hamna budi kuzaliwa. Nikodemo anasemeshwa peke yake, lakini agizo linawahusu wengi, na hilo linaoana na jinsi alivyoanza mwenyewe katika mstari wa 2 kwa kusema "twajua", si "najua". Kiingereza cha leo hakiwezi kuonyesha tofauti hiyo, kwa sababu "you" ni ileile kwa mtu mmoja na kwa kundi zima. Kiswahili kinaionyesha bila kujitahidi.

Faida ya kukifuata Kigiriki ni ya namna hiyo. Si siri iliyofungiwa ambayo watafsiri waliificha. Ni jambo lililokuwa wazi kwa msomaji wa kwanza, likafifia njiani kwa sababu lugha ya pili haina kifaa cha kulibeba.

Mwongozo huu ni wa mtu anayesoma Agano Jipya kwa Kiingereza, kwa kuwa vifaa vingi vya kufikia Kigiriki vimeandikwa kwa lugha hiyo, na ambaye hajawahi kukaa darasani kujifunza Kigiriki. Msimamo wangu nautoa mapema: neno hupata maana yake ndani ya sentensi linamofanya kazi. Karibu kila kosa nililowahi kulisikia au kulifanya katika jambo hili lilitokana na kulichomoa neno kutoka kwenye sentensi, kulipeleka kwenye kamusi, na kurudi na maana iliyopendeza zaidi.

Hatua ya kwanza: hakikisha umekielewa Kiingereza

Wengi huruka hapa. Wanakutana na neno gumu katika King James, tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, na moja kwa moja wanakimbilia Kigiriki, kumbe tatizo ni Kiingereza kilichozeeka. Katika 1 Wathesalonike 4:15, King James inasema sisi tulio hai "shall not prevent" waliolala. Leo neno hilo lina maana ya kuzuia. Mwaka 1611 lilikuwa na maana ya kutangulia, na Kigiriki chake kinasema hasa hivyo: hatutawatangulia. Vivyo hivyo "let" katika Warumi 1:13 ni kuzuiwa, si kuruhusiwa. Hapo hakuna fumbo la Kigiriki la kufumbua.

King James ina mambo mengine mawili ya kukufaa, na ndiyo sababu siitupi. Kwanza, "thou" na "thee" ni za mtu mmoja, "ye" na "you" ni za wengi. Kwa hiyo Yohana 3:7 ndani yake inasomeka "I said unto thee, Ye must be born again", na tofauti ya Kigiriki imehifadhiwa. Jaribu na Luka 22:31-32: Shetani amewataka ninyi nyote, lakini Yesu amemwombea Simoni peke yake. Pili, maneno yaliyochapwa kwa herufi za mlazo ni yale ambayo watafsiri waliyaongeza ili sentensi ikamilike, na hayamo katika Kigiriki. Katika 1 Wakorintho 14:2 utakuta lugha "unknown", isiyojulikana, na neno hilo limelazwa. Paulo aliandika "lugha" tu. Watu wamejenga mafundisho marefu juu ya neno ambalo watafsiri wenyewe walikuwa waungwana kiasi cha kulitia alama.

Kisha weka tafsiri tatu au nne za Kiingereza kando kwa kando na usome fungu unalolichunguza. Zinapokubaliana kabisa, mara nyingi Kigiriki ni chepesi. Zinapotofautiana, weka alama. Hapo ndipo pa kuchimba.

Hatua ya pili: jifunze herufi, kwa siku chache tu

Usikubali kutegemea matamshi yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini peke yake. Alfabeti ya Kigiriki ina herufi 24, na anayezungumza Kiswahili anaanza akiwa mbele. Theta tunayo katika "thamani". Khi, katika matamshi ya shuleni, ni kama kh ya "kheri". Gamma mbili zikifuatana, kama katika angelos, yaani malaika au mjumbe, husikika kama ng ya "ngoma". Ukisikia Kigiriki kinavyosomwa kwa matamshi ya kisasa utakuta hata dh ya "dhahabu" na gh ya "ghali". Usihangaike kuchagua matamshi yapi ni bora. Chagua moja, ulishike.

Yanayowachanganya wanaoanza ni machache. Sigma ina sura mbili, σ mwanzoni na katikati ya neno na ς mwishoni. Nyu huandikwa ν, kama v, lakini ni n. Rho huandikwa ρ, kama p, lakini ni r. Alama ndogo juu ya irabu ya kwanza ya neno huonyesha kama kuna pumzi ya h au haipo. Epsilon na eta ni namna mbili za e. Omikron na omega ni namna mbili za o.

Hayo ya mwisho si madogo. Warumi 5:1 katika King James inasema "we have peace with God", tuna amani kwa Mungu. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1881, Revised Version, inasema "let us have peace", na tuwe na amani. Tofauti ya Kigiriki ni herufi moja: ἔχομεν yenye omikron, na ἔχωμεν yenye omega. Nakala za kale zinagawanyika hapo, na masikioni maneno hayo mawili yalikuwa yamefanana sana katika karne za mwanzo. Asiyezijua herufi atabaki kuambiwa. Anayezijua ataona mwenyewe.

Hatua ya tatu: jua ni Kigiriki kipi kilichotafsiriwa

Hakuna hata kitabu kimoja cha Agano Jipya ambacho karatasi ya mwandishi mwenyewe imebaki. Tulicho nacho ni nakala zilizonakiliwa kwa mkono. Kipande kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa vya kale kabisa, kijulikanacho kama P52, kina maneno machache ya Yohana 18 na kimehifadhiwa Manchester. Wataalamu wengi hukiweka katika karne ya 2. Nakala kubwa mbili za karne ya 4, Codex Sinaiticus na Codex Vaticanus, ndizo zenye uzito mkubwa katika matoleo ya leo.

Erasmus, msomi wa Kiholanzi, alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki huko Basel mwaka 1516, alikuwa na nakala chache tu za mkono, nazo hazikuwa za zamani sana. Matoleo yaliyotokana na kazi yake ndiyo yaliyokuja kuitwa Textus Receptus, na King James inasimama juu ya msingi huo. Tafsiri nyingi za kisasa zinafuata toleo linaloitwa Nestle-Aland, ambalo chapa yake ya 28 ilitoka mwaka 2012 na ambalo linapima nakala nyingi zaidi na za kale zaidi.

Hili lina matokeo ya moja kwa moja mezani kwako. Ukilinganisha 1 Yohana 5:7 katika King James na tafsiri mpya, utaona sehemu inayowataja Baba, Neno na Roho mbinguni haimo katika mpya. Haikufutwa na mtu mwenye nia mbaya. Erasmus mwenyewe hakuiweka katika chapa zake za 1516 na 1519, kwa kuwa hakuikuta katika nakala za Kigiriki alizokuwa nazo. Iliingia katika chapa ya 1522. Kwa hiyo kabla ya kusema "tafsiri hii imebadilisha neno", uliza kwanza kama tafsiri zote mbili zinatazama Kigiriki kilekile. Maelezo ya chini ya ukurasa ndiyo yanayokuambia. Yasome kila mara, hasa mwisho wa Marko, kuanzia 16:9, na habari ya mwanamke aliyeletwa kwa Yesu katika Yohana 8.

Hatua ya nne: kusanya vifaa

Huhitaji vingi. Unahitaji toleo ambalo chini ya kila neno la Kigiriki kuna neno la Kiingereza na maelezo ya umbo lake. Unahitaji itifaki, yaani orodha inayoonyesha kila mahali neno fulani linapotokea. Na unahitaji kamusi.

Kwenye intaneti, STEP Bible iliyotengenezwa na Tyndale House ya Cambridge inakupa vyote vitatu bure. Bible Hub na Blue Letter Bible pia zinasaidia. Kigiriki chenyewe kinapatikana bure katika toleo la mwaka 2010 la SBL, chama cha wasomi wa Biblia.

Utakutana na nambari kila mahali: G26, G3056, G3875. Zinatokana na itifaki ya James Strong ya mwaka 1890, aliyelipatia kila neno la msingi la Kigiriki nambari yake ili asiyejua herufi aweze kulifuata. Ni msaada mkubwa, mradi ujue mipaka yake. Nambari inakupa neno kama linavyokaa kwenye kamusi, haikupi umbo lililotumika katika mstari wako. Ni sawa na kumwambia mgeni kwamba "hatukumpenda" na "watapendana" yote ni "penda". Umemwambia kweli, lakini umemnyima karibu kila kitu kilichosemwa. Pia, ile orodha fupi ya maana chini ya nambari si sahani ya kuchagua unachopenda. Inataja jinsi neno lilivyotafsiriwa sehemu mbalimbali. Mahali pamoja kwa kawaida hubeba maana moja kati ya hizo, si zote kwa mpigo.

Ukiweza kupata kamusi kubwa, inayoitwa kwa kifupi BDAG, chapa ya tatu ya mwaka 2000, ndiyo inayotegemewa zaidi kwa Agano Jipya. Kamusi ya Thayer ya mwaka 1886 ni ya bure na bado ina mengi ya kufaa, lakini ilitoka kabla elimu ya mafunjo, yaani karatasi za kale za matete, kutoka mchanga wa Misri haijakomaa. Barua za familia, risiti na mikataba iliyoandikwa kwenye mafunjo hayo ndiyo iliyomwezesha msomi wa Kijerumani Adolf Deissmann kuonyesha kwamba lugha ya Agano Jipya ilikuwa Kigiriki cha watu wa kawaida, kinachoitwa Koine.

Hatua ya tano: lifuate neno moja hadi mwisho

Tuchukue neno moja tulifuate pamoja. Nalichagua parakletos, G3875, kwa sababu katika Agano Jipya zima linatokea mara 5 tu, na mtu anaweza kulimaliza kwa jioni moja.

Anza na Kiingereza. King James inatumia "Comforter" katika Yohana 14:16, 14:26, 15:26 na 16:7, halafu "advocate" katika 1 Yohana 2:1. Msomaji wa Kiingereza pekee hana dalili yoyote kwamba ni neno lilelile. Biblia ya Kiswahili ya Union inafanya hivyohivyo: Msaidizi katika injili, Mwombezi katika waraka. Kwa hiyo ugunduzi wa kwanza ni kwamba kwa mwandishi huyu Roho na Yesu wanaitwa kwa jina moja. Sasa soma tena 14:16: Baba atawapa "parakletos mwingine". Mwingine, kwa sababu wa kwanza yupo tayari, naye ndiye anayesema.

Baada ya hapo acha kamusi kando na uandike kwenye karatasi parakletos anafanya nini katika kila mahali. Katika 14:16 anakaa nao milele. Katika 14:26 anafundisha na kukumbusha. Katika 15:26 anashuhudia. Katika 16:7, ukiendelea hadi mstari wa 8, anauthibitishia ulimwengu kosa lake. Katika 1 Yohana 2:1 yuko mbele za Baba kwa ajili ya aliyetenda dhambi. Angalia orodha hiyo. Kushuhudia, kuthibitisha kosa, kusimama mbele ya mwenye kuhukumu kwa niaba ya mwingine: kuna harufu ya baraza la hukumu hapo. Lakini kukaa, kufundisha na kukumbusha havimo barazani. Ni kazi za mwenzi na mwalimu.

Sasa rudi kwenye kamusi. Itakuambia kwamba nje ya Biblia neno hili lilimhusu mtu aliyeitwa kusimama upande wa mwingine, mara nyingi kumtetea kwa maneno, na kwamba Demosthenes, msemaji maarufu wa Athene ya kale, alilitumia katika mambo ya mahakama. Linaoana na ulichokiona, na sasa unajua pia pale linapozidi maana hiyo. "Comforter" nalo usilidharau: kwa asili yake ya Kilatini lilibeba wazo la kutia nguvu, ambalo Kiingereza cha leo kimelisahau.

Mpangilio huo ndio ninaousisitiza: matumizi kwanza, kamusi baadaye. Ukianza na kamusi, utaona kila mahali kile ulichoambiwa.

Fanya pia safari ya upande wa pili, yaani neno moja la Kiingereza lililofunika maneno kadhaa ya Kigiriki. Katika King James, "hell" inasimama badala ya hades, makao ya wafu. Ya geenna, yaani jehanamu, linalotokea mara 12. Na ya kitenzi tartaroo kinachopatikana mara moja tu, 2 Petro 2:4. Tena Mathayo 27:3 inasema Yuda "repented himself", kama vile alitubu, lakini kitenzi chake ni metamelomai, kujuta, si metanoeo kinachotumika Yohana Mbatizaji anapowaita watu watubu. Mambo kama haya itifaki pekee ndiyo itakayokuonyesha.

Hatua ya sita: tazama umbo la neno

Hapa Mswahili ana akiba ambayo msomaji wa Kiingereza hana. Kitenzi cha Kigiriki hubeba nafsi ndani yake kama chetu. Petro anapojibu philo se, hayo maneno mawili ni "nakupenda". Sisi tunatia nafsi mwanzoni mwa kitenzi, Wagiriki mwishoni. Usiogope majedwali ya viambishi. Umeishi nayo tangu utotoni.

Hata jinsia ya nomino ichukulie kama ngeli. Pneuma, roho, haina jinsia ya kike wala ya kiume katika sarufi. Hilo halimfanyi Roho kuwa kitu, kama vile ki- ya "kiongozi" isivyomfanya kiongozi kuwa kifaa. Teknon, mtoto, nalo liko katika kundi hilohilo.

Tazama Mathayo 28:19. Kiingereza kinaanza na "Go", na mahubiri mengi yanaweka uzito wote juu ya kwenda. Katika Kigiriki kitenzi kikuu cha amri ni kimoja, matheteusate, fanyeni wanafunzi. Kwenda, kubatiza na kufundisha ni maumbo yanayoambatana nacho. Union inasema "enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi, mkiwabatiza", na hizo -ka- na -ki- zinafanya kazi ambayo Kiingereza kinahitaji maneno mengi kuifanya. Lakini usikimbilie upande wa pili na kusema kwamba kwenda si agizo. Mathayo anatumia muundo uleule katika 2:8, Herode anapowaambia mamajusi waende wakaulize habari za mtoto, na hakuna anayedhani Herode aliwaachia hiari ya kubaki.

Jambo jingine ni muungano wa nomino mbili. "Upendo wa Kristo" katika 2 Wakorintho 5:14 ni upendo alio nao Kristo kwetu, au upendo wetu kwake? Kigiriki kinaacha wazi, na -a yetu ya uhusiano inaacha wazi vilevile. Kiingereza mara nyingi kinalazimika kuchagua, hasa katika Wagalatia 2:16, ambapo tafsiri moja itasema imani katika Kristo na nyingine uaminifu wa Kristo. Ukikuta mgogoro wa namna hiyo, usitafute jibu kwenye kamusi, maana utata hautoki kwenye neno peke yake. Tafuta katika hoja ya mwandishi, mistari kumi kabla na kumi baada.

Mitego ninayokusihi uiepuke

Wa kwanza ni kulivunja neno vipande. Utaambiwa ekklesia limetokana na ek, kutoka, na kaleo, kuita, kwa hiyo kanisa ni "walioitwa watoke". Nenda Matendo 19:32. Umati wenye ghasia huko Efeso, ambao wengi wao hata hawakujua kwa nini wamekusanyika, unaitwa ekklesia. Neno lilikuwa na maana ya mkutano. Hatusemi mwanasheria ni mtoto wa sheria, wala hatukai mezani asubuhi tukiwaza habari ya kufungua vinywa kwa sababu chakula hicho kinaitwa kifungua kinywa. James Barr, mtaalamu wa Biblia, aliandika kwa nguvu dhidi ya mtindo huu mwaka 1961, na bado unaendelea mimbarani.

Wa pili ni kuvuta maana kutoka siku zetu kwenda siku zao. Dynamis katika Warumi 1:16 ni nguvu, uwezo. Baruti aina ya dynamite ilibuniwa na Alfred Nobel katika miaka ya 1860 na kupewa jina kutokana na Kigiriki. Paulo hakuwaza mlipuko.

Wa tatu ndio ulioninasa mimi kwa muda mrefu. Nilifundishwa, nami nikafundisha wengine, kwamba wakati wa kitenzi uitwao aoristo ni tendo la mara moja na kwa haraka. Nilijenga masomo mazima juu yake. Kisha mzee mmoja katika kikundi chetu cha kujifunza akaniomba nisome Yohana 2:20: hekalu "lilijengwa" kwa miaka 46. Kitenzi ni aoristo. Na katika Ufunuo 20:4 wanatawala miaka 1,000, tena kwa aoristo. Aoristo inalitazama tendo kama kitu kizima, bila kusema lilichukua muda gani. Ilinibidi nirudi kwa wale niliowafundisha nikawaambie hivyo.

Wa nne ni agape. Husemwa kwamba ni upendo wa kimungu tu na kwamba philia ni urafiki wa kawaida, na Yohana 21:15-17 huletwa kuwa ushahidi: Yesu anauliza mara mbili kwa agapao, kitenzi cha agape, Petro anajibu kwa phileo, kitenzi cha philia, mara ya tatu Yesu anatumia phileo. Tofauti ipo kweli kwenye ukurasa, na ni haki kuiulizia. Ila pima. Katika Luka 11:43 Mafarisayo wana agapao kwa viti vya mbele. Katika 2 Timotheo 4:10 Dema ana agapao kwa ulimwengu huu. Katika Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, Amnoni aliyemnajisi Tamari anaelezwa kwa agapao, 2 Samweli 13. Yohana mwenyewe anasema Baba anampenda Mwana kwa agapao katika 3:35 na kwa phileo katika 5:20. Na katika mistari hiyohiyo ya sura ya 21 anabadilishana pia wana-kondoo na kondoo, lisha na chunga, na maneno mawili ya kujua. Mimi nadhani ni mtindo wake wa kubadili maneno. Ukiamua tofauti, amua ukiwa umeviona vifungu hivyo vyote.

Hatua ya saba: andika tafsiri yako, kisha ilinganishe

Ukimaliza kuchunguza, andika mstari kwa Kiswahili chako mwenyewe, huku umefunga Biblia zote. Utajikuta unalazimika kuamua mambo ambayo wakati wa kusoma ulikuwa unayapita. Katika Yohana 3:3 neno anothen lina maana ya "tena" na pia "kutoka juu". Nikodemo anasikia ya kwanza, na mstari wa 31 unatumia neno hilohilo kwa ajili ya yeye ajaye kutoka juu. Utaandika lipi? Ukichagua moja unapoteza jingine. Katika mstari wa 8, pneuma moja inakuwa upepo mwanzoni mwa sentensi na Roho mwishoni. Baada ya jioni kadhaa za namna hii utaacha kuwashutumu watafsiri, na utaanza kutambua walichokitoa sadaka na sababu yake.

Weka daftari. Kwa kila neno andika mahali lilipotokea, anayelitenda, analotendewa, na swali lililobaki. Usiandike hitimisho siku hiyohiyo.

Na ikiwa hamu itakua, jifunze msamiati kwa kufuata wingi wa matumizi. Agano Jipya lina maneno tofauti zaidi ya 5,000, lakini yale yanayotokea mara 50 au zaidi ni kama 310, nayo yanafunika karibu asilimia 80 ya maandishi yote. Maneno matano kwa siku yanakufikisha huko katika miezi michache.

Kitabu cha kuanzia kusoma moja kwa moja ni 3 Yohana, kifupi kuliko vyote vya Agano Jipya kwa hesabu ya maneno ya Kigiriki. Mstari wake wa kwanza ni huu: ὁ πρεσβύτερος Γαΐῳ τῷ ἀγαπητῷ, ὃν ἐγὼ ἀγαπῶ ἐν ἀληθείᾳ. Mzee, kwa Gayo mpendwa, ambaye mimi nampenda katika kweli. Usome kwa sauti, kwa taratibu, kidole kikiwa juu ya herufi. Kitenzi ἀγαπῶ tayari kina "mimi" ndani yake. Anza kwa kujiuliza kwa nini mzee huyu aliliandika tena, ἐγὼ, mbele yake.